Fundi, Nyumbani Kwangu Tunavua Viatu

Mwaka 2017 nilikatwa mguu wa kushoto, chini kidogo ya goti, baada ya ajali ya pikipiki kwenye Bulivadi ya Novemba 28. Ajali yenyewe sina haja ya kuisimulia. Bujumbura inazijua ajali za namna ile. Ninachotaka kueleza ni yaliyofuata, kwa sababu wakati nilipoyahitaji sikupata wa kunieleza. Watu walikuja hadi kitandani wakaniambia ihangane, kwa Kirundi, na wengine subira, kwa Kiswahili, na maneno yale yalinishika mkono kwelikweli. Lakini hakuna aliyeniambia kwamba mguu wa bandia hutengenezwa kwa ajili ya maisha ya mtu mmoja maalumu, na kwamba fundi asipoyajua maisha hayo, mguu utamshinda mwenyewe hata ukiwa umeundwa kwa ustadi mkubwa.

Mimi ni mshonaji. Nilizaliwa Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili chake kinasikika tangu alfajiri, nikaolewa Kigobe, kaskazini mwa jiji, jirani na jumba ambamo Bunge la nchi hukutana. Nashonea nyumbani kwa cherehani ya kukanyaga. Nataja kazi yangu mapema kwa sababu baadaye itahusika sana, ingawa aliyenipima mguu wa kwanza hakuiuliza.

Wiki za mwanzo ndizo zinazoamua mengi, na ndizo ambazo familia nyingi huziharibu kwa upendo. Kila aliyekuja kunitazama aliniwekea mto chini ya goti. Mguu ukiegemea mto unatulia, maumivu yanapungua, mgonjwa anashukuru. Kumbe kano za nyuma ya goti zinajikunja na kuzoea mkunjo huo, na goti lisilonyooka haliwezi kusimama sawasawa ndani ya mguu wa bandia. Aliyeniokoa ni kijana mmoja wa mazoezi ya viungo. Aliingia, akautoa mto, akaniambia nilale kifudifudi asubuhi na jioni, nyonga na goti vikiwa vimenyooka. Mama yangu alimwona katili. "Baba, mwache mtoto wangu apumzike," alimwambia. Kijana akamjibu kwa heshima kwamba mtoto wake atapumzika vizuri zaidi akitembea.

Huyo huyo alinifundisha kufunga kigutu. Kigutu ni ile sehemu inayobaki baada ya kukatwa, na kikiwa kibichi huvimba na kujaa maji. Bendeji ya kuvutika huzungushwa kwa mshazari, ikapishana mbele na nyuma, ikibana zaidi nchani na kulegea kadiri inavyopanda kuelekea gotini. Ukiifunga kwa mizunguko ya moja kwa moja inakaba damu, na ncha inazidi kuvimba. Binti yangu alijifunza upesi kuliko mimi, na mikono yake ndiyo iliyokipa kigutu changu umbo linaloweza kuingia ndani ya soketi, yaani lile kombe gumu ambalo kigutu hukaa ndani yake.

Jambo jingine nililolielewa baadaye ni neema ya goti. Daktari alikata chini yake kwa makusudi. Aliyebakiwa na goti lake hupanda ngazi, huinuka kitini na hujizuia asianguke kwa misuli yake mwenyewe. Aliyekatwa juu ya goti anabeba kiungo kisicho na msuli, na kila hatua humgharimu pumzi nyingi zaidi. Nimeketi kwenye mabenchi ya kusubiria na watu wa namna zote mbili, na tangu hapo sikuweza tena kulalamikia mlima mbele yao.

Kuhusu mguu usiokuwepo, hili nalieleza kwa urefu kwa sababu linawatia watu hofu wakanyamaza. Usiku nilihisi kisigino cha kushoto kikiwaka. Vidole vilijikunja vikagoma kufunguka, vidole ambavyo havikuwepo. Sisi tulikuwa tumeuzika ule mguu, kama ilivyo desturi yetu Waislamu, na jirani mmoja mzee alisema lazima ulizikwa ukiwa umepinda. Ufukuliwe, unyooshwe, nitapona. Mwingine akataja majini. Wote walikuwa na nia njema. Mimi nilikaa kimya nikidhani akili inaniacha.

Haikuwa wazimu. Tangu karne ya 16 daktari wa Ufaransa Ambroise Paré, aliyewatibu askari vitani, aliandika juu ya watu waliolalamikia maumivu ya viungo vilivyokwisha kukatwa. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, daktari Silas Weir Mitchell wa Philadelphia aliwachunguza majeruhi wengi waliokatwa viungo, na mwaka 1871 akaandika juu ya hali hiyo kwa mapana na kuipa jina. Ubongo una ramani ya mwili mzima. Mguu ukiondoka, sehemu yake kwenye ramani haifutiki siku ile ile. Katika miaka ya 1990 mwanasayansi mzaliwa wa India, V. S. Ramachandran, alijaribu kitu rahisi ambacho hata maskini anaweza kukifanya: kioo. Unakisimamisha kati ya miguu, unatazama taswira ya mguu mzima mahali ambapo mwingine ungekuwa, unauchezesha polepole, na macho yanauambia ubongo kwamba kile kidole kimefunguka. Kioo hakimsaidii kila mtu. Mimi kilinisaidia. Nilikitoa kwenye kabati la nguo, nikawa nafungua vidole vyangu vya kushoto kwa kuvifungua vya kulia, mlango ukiwa umefungwa ili watoto wasiogope. Maumivu hayakwisha kabisa, lakini yalipungua hadi nikaweza kulala, na kuvaa mguu mchana kukayapunguza zaidi.

Mguu wa kwanza niliupata kwa msaada. Walikuja wageni wa shirika fulani la hisani, tukapangwa mstari, tukapimwa, tukavaa, tukapigwa picha. Nawashukuru, na shukrani hii haina kinyongo, kwani walinisimamisha. Lakini nilipofika nyumbani nilivua viatu mlangoni, kama tunavyofanya sote, na papo hapo mwili ukanielemea nyuma. Goti lilisukumwa kwa nguvu kama linalotaka kupinda upande usio wake. Nikashika ukuta.

Sababu yake ni ya kawaida kabisa kwa wanaoijua kazi hii. Unyayo wa bandia uliozoeleka hauna kifundo kinachojikunja. Una kiini kigumu, na kisigino laini cha kupokea kishindo. Fundi anapounyoosha mguu, anaunyoosha pamoja na kiatu, na kimo cha kisigino cha kiatu kile kinakuwa sehemu ya kipimo. Ukivaa kiatu chenye kisigino kirefu zaidi, unasukumwa mbele. Ukivua kiatu, unarudishwa nyuma, na sakafu tambarare inakuwa mlima. Mtu anayeishi na viatu ndani ya nyumba yake kuanzia asubuhi hadi usiku hatagundua lolote. Lakini sisi tunavua viatu mlangoni, tunavivua msikitini, tunavivua tukiitwa kwenye kisomo au matanga, na huko tunaketi mkekani. Hata ndala hazikunifaa, kwa maana ndala hushikwa na vidole, na vidole vya mpira havishiki kitu. Kila hatua ya tatu ndala ilibaki nyuma yangu.

Kwa hiyo mguu ule ulianza kulala chini ya kitanda. Nikarudi kwenye magongo. Watu wakasema nimekata tamaa, na wengine wakadhani nimedharau msaada. Siku hizi, nikiambiwa kwamba fulani alipewa mguu akauacha, swali langu ni moja tu: nyumba yake ikoje?

Nilikwenda Gitega, ambako kuna kituo cha taifa cha tiba ya viungo chenye karakana ya kutengeneza miguu na mikono ya bandia. Safari inapanda kutoka joto la ziwa Tanganyika hadi baridi ya milimani, kwa kupitia Bugarama na Muramvya, kilomita kama mia moja za kona. Fundi aliyenipokea alikitazama kigutu akakataa kunipima siku hiyo. Alisema kimening'inia garini saa nyingi, kimevimba, na soketi itakayopimwa leo itapwaya kesho. Nilale kwanza. Kwa kukataa kule nilimwamini kabla sijaiona kazi yake.

Asubuhi yake alivuta kiti. Alitaka kujua ninakoishi, njia ya kufika kwangu ni ya lami au ya mawe, choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa, maji nayachota wapi, nafanya kazi gani, naswali vipi. Nikamwambia, "Fundi, nyumbani kwangu tunavua viatu." Aliandika. Nikamweleza habari ya cherehani, akaandika tena, akaniomba nimwoneshe kwa mkono jinsi kanyagio linavyopanda na kushuka. Alikuwa mtu wa maneno machache, na nadhani maswali yale yalikuwa nusu ya kazi yote.

Kisha zikafuata plasta na vumbi. Alinivika soksi nyembamba, akaweka alama kwa kalamu palipo na mifupa isiyovumilia kubanwa, hasa ncha ya mfupa mwembamba wa pembeni na ukingo wa mfupa wa mbele, akazungusha bendeji ya plasta. Ilipokauka akaivua, akamimina plasta nyingine ndani, akapata sanamu ya kigutu changu. Fundi asiyejua kazi huifuata sanamu hiyo kama ilivyo. Yeye aliikwangua mahali panapoweza kubeba uzito, chini ya kifuniko cha goti, na akaongeza plasta mahali panapouma, ili soketi ibane hapa na kuacha nafasi pale. Karatasi nene ya plastiki aina ya polipropilini ikatiwa kwenye tanuri mpaka ikalegea, ikafunikwa juu ya sanamu, hewa ikanyonywa, ikashika umbo. Plastiki hii imesambazwa sana katika nchi zenye vita na umaskini na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu: ni nafuu, haiozi kwa maji, na fundi anaweza kuipasha moto tena akairekebisha. Kwa nchi yenye mvua na matope kama yetu, hilo si jambo dogo.

Kwa habari ya viatu, alinipa njia mbili. Mguu aliunyoosha kwa kisigino kifupi, karibu sawa na sakafu, kisha akanitaka niwe na jozi moja ya viatu laini vya ndani tu, vyenye ukanda nyuma, visivyokanyaga nje kamwe. Ninavyo hadi leo, na nikienda kwenye kisomo navibeba kwenye mfuko safi. Nilimuuliza shekhe wetu kuhusu udhu; akanieleza kwamba mguu uliokatwa juu ya kifundo umeondokewa na wajibu wa kuoshwa, na kwamba asiyeweza kusujudu kwa kawaida anaswali kadiri awezavyo, hata kwenye kiti. Nilitamani maneno hayo yangesemwa hadharani, kwa sababu nawajua watu walioacha kwenda msikitini kwa kuona haya tu.

Ukingo wa nyuma wa soketi aliushusha kidogo ili goti likunjwe zaidi ninapoketi chini. Alisema akiushusha mno soketi itazunguka, asipoushusha utanikata nyuma ya goti, na tukajaribu mpaka tukaelewana. Juu ya cherehani hakunidanganya. Unyayo ule hautajikunja, hivyo kanyagio litakuwa la mguu wa kulia peke yake. Nilijifunza kushona upya kwa mguu mmoja, mwendo ukiwa wa polepole na mishono ikiwa imara zaidi kuliko ya zamani, na magauni ya harusi ya Kigobe yakarudi mezani kwangu.

Baadaye nilikuja kujua kwamba swali hili la viatu lilikwisha kuulizwa mbali na kwetu, na watu waliovua viatu kama sisi. Huko Jaipur, India, mwaka 1968, daktari wa mifupa P. K. Sethi na fundi Ram Chandra Sharma, mtu wa mikono asiye na elimu kubwa ya shule, waliona kwamba wagonjwa wao wanaiacha miguu iliyoundwa kwa mfano wa Ulaya. Wakulima wale walikuwa wakitembea peku, wakichuchumaa, wakiketi chini na kuingia kwenye mashamba ya mpunga yenye maji. Wakaunda unyayo wa mpira wenye umbo la mguu wa kweli, unaojikunja na kukanyaga ardhi bila kiatu. Mwaka 1981 Sethi alipewa tuzo ya Magsaysay. Sina hakika kama tuzo hufika sawasawa kwa mafundi, lakini jina la Ram Chandra lastahili kutajwa kila linapotajwa la daktari.

Mwaka wa kwanza kigutu kilisinyaa, kama ilivyo kawaida, na soketi ikaanza kupwaya. Dawa yake ya mwanzo ni soksi: unaongeza moja, kisha nyingine, mpaka zinapokuwa nyingi kiasi kwamba soketi mpya haiepukiki. Bujumbura ina joto, na mwezi wa Septemba kabla ya mvua jasho hujaa ndani ya plastiki. Nilijifunza kuvua mguu adhuhuri, kukausha kigutu, kubadilisha soksi na kuvaa tena; kuosha kigutu usiku badala ya asubuhi, kwani ngozi yenye unyevu huchubuka upesi; kukitazama kwa kioo kidogo kabla ya kulala nikitafuta wekundu usiotoka. Mwenye ugonjwa wa sukari ajichunge zaidi yangu, kwa kuwa ngozi yake inaweza kutoboka asihisi, na mguu uliobaki ndio anaotakiwa kuulinda kuliko kitu kingine.

Machi 2022 pikipiki, baiskeli na bajaji ziliondolewa katikati ya jiji, na miaka hiyo hiyo mafuta yakawa ya shida. Kwenda kununua vitambaa kukawa ni kutembea kwa miguu kipande kirefu na kusimama kwenye foleni ya basi. Hapo nilitambua kuwa ulemavu hauko kwenye mguu peke yake. Umbali ule ule niliouvuka bila kuuhesabu ulinilazimu nipange siku nzima. Wateja wangu wawili wakaanza kuniletea vitambaa nyumbani, bila kuombwa, na bei ikabaki ile ile.

Msaada una adabu yake, na watu wa kwetu wengi wanaijua. Wapo wanaokimbilia kukushika mkono bila kukuuliza. Ukivutwa upande wa mguu wa bandia ndipo unapoanguka. Anayeuliza, "Mama, nikushike wapi?" huyo amekusaidia. Mume wangu alichukua muda kujifunza kukaa kitini akinitazama nikipanda ngazi tatu za mlango wetu. Najua kukaa kule kulimgharimu.

Nchi yetu haikosi maandishi mazuri. Burundi iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2014, na sheria yetu wenyewe ya kuzilinda haki hizo ilitiwa saini Januari 10, 2018. Karakana nazo zipo katika ukanda wetu, na zina historia: Gatagara nchini Rwanda, kituo alichokianzisha padri Joseph Fraipont Ndagijimana mwaka 1960, na chuo cha TATCOT huko Moshi, Tanzania, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia tangu 1981. Vita vilivyoanza mwaka 1993 vilituachia watu wengi wasio na miguu, na barabara zinaendelea kuwaongeza. Wote hao watahitaji soketi mpya baada ya miaka michache, kisha nyingine, maisha yao yote. Mtoto anayekua ataihitaji mapema zaidi.

Kwa hiyo nawaomba wanaotaka kutoa miguu kwa hisani, wa hapa na wa ng'ambo: lipeni mshahara wa fundi, nunueni plastiki na plasta za karakana iliyopo, gharimieni nauli na malazi ya mgonjwa anayerudi kurekebishiwa. Picha mtapiga baadaye. Na wewe unayesubiri kupimwa, usione haya kumweleza fundi unavyoishi, tangu choo hadi mkeka wa kuswalia. Nenda na viatu unavyovivaa kila siku, si vya sikukuu. Ukipewa mguu ukauma, usiutupe chini ya kitanda wala usiuvumilie mpaka kidonda; urudishe, useme unauma wapi. Na usitoke mlangoni kwa fundi kabla hamjapatana siku ya kurudi.